Kaunta Buku, Msahafu na Karatasi ya Maandazi

Kutazama filamu na mimi ni adhabu. Wenzangu wanamfuata jambazi, mimi natafuta rafu. Mtu anakimbizwa chumba hadi chumba, risasi zinachubua ukuta, nami nimepinda shingo nisome migongo ya vitabu vilivyo nyuma yake kabla kamera haijahama. Kwenye kibanda umiza tabia hii haina faida yoyote, maana picha imekopiwa hadi imechakaa, runinga imetundikwa karibu na dari, na mbele yako kuna msitu wa vichwa. Lakini ndiko nilikojifunzia, katika vibanda vya Mwanjelwa hapa Mbeya, enzi zile mtu alipotoa sarafu mlangoni akakaa kwenye benchi la mbao hadi miguu ife ganzi.

Vibanda vile vilikuwa na kitu ambacho majumba makubwa ya sinema hayana: mfasiri. Filamu za kutafsiriwa, zile ambazo Lufufu na waliomfuata walizigeuza kuwa kazi kamili, zina sauti moja inayomsemea kila mhusika, mwanamume, mwanamke na mtoto, na kuongeza chumvi pale Wamarekani walipoisahau. Barua au kitabu kikitokea kwenye kioo, mfasiri hakipiti hivi hivi. Atakisoma. Jina likionekana atalitaja kwa Kiswahili, lisipoonekana atalitunga. Nimewahi kusikia kitabu cha namba za simu kikiitwa kitabu cha siri za serikali. Kibanda kizima kilikubali, na kwa kweli hadithi ilinoga kuliko ilivyotengenezwa.

Filamu moja ilinitendea haki kabisa: The Book of Eli, ya 2010. Denzel Washington anatembea kwenda magharibi kwa miaka 30 katika nchi iliyoungua, na begini ana kitabu kimoja. Mbabe wa mji, ambaye ni Gary Oldman, anatuma vijana wake wakitafute kitabu hicho kwa udi na uvumba. Siku hiyo kibanda kizima kilikuwa upande wangu, wote tulikuwa tunatafuta kitabu. Mbabe anakipata mwishoni, anakifungua, anakuta hawezi kukisoma, kwa kuwa ni Biblia ya nukta nundu. Naye Eli anayo yote kichwani. Anaisema neno kwa neno, inaandikwa, inapigwa chapa, na nakala yake inawekwa rafuni kando ya Kurani. Mzee mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti kwamba hakuna ajabu hapo, bibi yake wa Rungwe hakujua a wala be na alikuwa na Zaburi zote kifuani. Hakuna aliyembishia. Mfasiri alikuwa bado anaongea, ila kwa dakika ile mzee ndiye aliyesikilizwa.

Filamu zetu za Bongo zina kanuni zake. Mwanafunzi wa chuo hutambulika kwa vitabu viwili alivyovikumbatia kifuani. Anatembea navyo, analia navyo, anaachwa na mpenzi akiwa navyo, wala havifungui. Wakili ana safu ya majalada manene ya rangi moja. Mchungaji ana Biblia ya zipu. Tajiri ndiye hana kitu. Ana sofa, ana kabati la vioo lenye glasi na maua ya plastiki, ana ngazi ambayo mke hushukia akiwa na hasira, na katika jumba lote lile huoni hata gazeti la juzi. Watu huwalaumu watengenezaji kwa hilo. Mimi naona wamesema kweli. Nimekaribishwa sebule nyingi za watu wenye nafasi, Forest na kwingineko mjini hapa, na kamera ingekuta vitu vilevile katika mpangilio uleule.

Ila nyumba isiyo na rafu si nyumba isiyo na vitabu. Nenda chumbani. Chini ya godoro au juu ya kabati kuna mfuko, na ndani ya mfuko kuna kadi za kliniki za watoto wote hadi yule aliyekwishaoa, vyeti vya ubatizo, kitabu cha benki ambayo imekwisha badili jina, kitabu cha kikoba chenye mihuri ya hisa, na daftari lenye namba za simu za watu ambao nusu yao wametangulia mbele ya haki. Biblia au Msahafu uko peke yake, umevishwa kitenge. Vitu hivi havikai sebuleni kwa sababu si vya kutazamwa na wageni. Siku nyumba ikiungua, mama akipata nafasi ya kubeba kitu kimoja, atabeba mfuko huo na kuiacha runinga.

Kitabu kinachosomwa kuliko vyote mtaani kwetu ni kaunta buku la kwaya mbili. Linakaa chini ya meza ya duka, kati ya mizani na boksi la viberiti, jalada lake limelainika kwa mafuta ya kupima. Ukutani juu yake pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba leo ni fedha na mkopo ni kesho. Chini ya maandishi hayo mama mwenye duka anakopesha tangu jua linapochomoza nyuma ya milima ya Uyole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kupunguza au kuongeza?"

"Kuongeza."

"Haya, soma kwanza."

Hanisomei yeye. Ananigeuzia daftari nisome deni langu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya yeyote aliyesimama hapo: sukari nusu, mche wa sabuni, mchele wa Kyela kilo mbili, vocha. Nikimaliza kusoma ndipo anaongeza mstari mpya. Nimeona benki zikiandika mikataba ya kurasa 20 ambayo haina nguvu ya kisomo hicho kimoja. Na majina! Majina ya kwenye vyeti hayaandikwi mle. Kuna ukurasa wa Baba Miwani, wa Fundi wa Juu, wa Mwalimu Mpya (aliyehamia zamani sana), wa Yule wa Bajaji Nyekundu, na mmoja wenye maneno mawili tu, Atalipa Mungu. Wapo waandishi wa riwaya wanaohangaika sura tatu kumchora mhusika, na mama huyu anammaliza kwa maneno matatu, kisha anaweka bei.

Tangu nilipoanza kuliangalia daftari lile kama kitabu, naona ndugu zake kila mahali. Kitabu cha wageni cha gesti, chenye safu za jina, kabila, atokako na aendako, ambamo wanaume wote ni wafanyabiashara. Daftari la wakala wa fedha za simu, lililochanika pembe kwa kusainiwa. Kitabu cha wageni kwenye ofisi ya kata, ambacho ukifika kulalamika unakisaini kwanza, na chini ya neno maoni watu wote wameandika "Nzuri". Na lile ambalo mimi nalipa heshima ya pekee, daftari la rambirambi. Msibani, pembeni ya turubai, kuna meza ndogo, vijana wawili na daftari jipya. Jina, kiasi, basi. Watu wakishatawanyika na masufuria yakisharudishwa kwa majirani, daftari linabaki na wafiwa. Mwaka ukipita, msiba ukihamia kwa mwingine, linatolewa: huyu alitoa ngapi kwetu? Ukurasa unajibu. Ukoo mzima umeandikwa mle, na ungekuwa na mtu wa kulisoma kwa jicho la mwanahistoria, angejua nani aliporomoka mwaka gani, nani alipanda, na nani aligombana na nani hata akaacha kuja.

Nadhani ndiyo kazi tuliyokipa kitabu huku kwetu, kuwa shahidi. Kusimama upande wa mtu siku maneno yatakapogongana. Wenzetu wa nchi nyingine hukiita kitabu rafiki, na maduka yao hukichora kikiwa na kikombe cha kahawa na blanketi. Sisi kitabu tunakiita mahakamani. Na shahidi hapendwi kwa uzuri wa sauti yake. Anatunzwa, anafichwa, anatolewa siku ya siku.

Halafu kuna vitabu vilivyokwisha maliza ushahidi wao, vikauzwa kwa kilo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Juni 2019, karatasi ilirudi madarakani. Karanga, maandazi, vitumbua, dagaa wa Kyela, kila kitu kikahamia kwenye madaftari ya shule yaliyojaa na magazeti ya mwezi uliopita. Mimi huwa nakula nikisoma. Nimesoma namna hiyo zoezi la ukokotoaji ambalo mwalimu amelipiga mkasi mkubwa mwekundu, orodha ya mahudhurio ya darasa moja ambapo mtoto mmoja ana alama ya utoro wiki nzima ya mavuno, na insha ya siku nisiyoisahau, alama 11 kati ya 20. Basi lilikuwa limeacha njia kwenye mteremko, na hapo hapo mafuta ya andazi yakapita juu ya wino. Mpaka leo sijui nani alipona. Kwa uandishi wake, angalau hadi pale mafuta yalipofika, ningempa 15.

Karatasi yenyewe ni ya kwetu zaidi ya tunavyokumbuka. Ukitoka Mbeya kwenda Iringa kwa barabara ya TANZAM, ukapita Makambako, unaingia kwenye misitu ya paini ya Sao Hill ambayo haina mwisho, miti imesimama kwa mistari kama wanafunzi paredi. Huko Mgololo, wilayani Mufindi, ndiko kiko kiwanda cha karatasi kilichojengwa na serikali kwa jina la Southern Paper Mills na kuanza kazi miaka ya 1980. Baadaye kilibinafsishwa kikawa Mufindi Paper Mills. Karatasi yake inayojulikana ni ile ngumu ya kaki, ya mifuko na maboksi. Kwa hiyo miti ipo, kiwanda kipo, karatasi inatoka, na inakwenda kubeba saruji na sukari. Silalamiki. Mfuko wa kaki nao umebeba nchi hii kwa namna yake. Ila kila nikipita pale natazama malori ya magogo na kuhesabu riwaya ambazo hazitaandikwa juu yake.

Ndani ya basi la njia hiyo vitabu huja vyenyewe. Kabla halijatoka stendi anapanda kijana mwenye begi, anasimama karibu na dereva, anasalimia kwa Bwana Yesu asifiwe, kisha kwa Asalaam aleikum, kisha anawauliza wasio na dini kama hawajambo, na watu wanacheka, na kicheko ndicho kiingilio chake. Anauza vijitabu vya kurasa chache, vimebanwa pini mbili, wino umefifia: tafsiri za ndoto, mitishamba na magonjwa inayoyatibu, barua za mapenzi, Kiingereza bila mwalimu. Wasomi wa mjini huvibeza. Mimi nimeona dada mmoja akinunua kile cha ndoto, akakifungua moja kwa moja kwenye herufi N, akasoma kuhusu nyoka, akakifunga, akatazama nje ya dirisha kutoka Igawa hadi karibu na Mafinga. Ni waandishi wachache wa tuzo waliowahi kumshika msomaji kwa kilomita zote hizo.

Iringa mjini kuna mahali ambapo mtu wa tabia yangu hufurahi. Neema Crafts ni kituo cha kazi za mikono kilichoanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na wanaofanya kazi hapo ni watu wenye ulemavu. Moja ya kazi zao zilizovuma ni karatasi ya mavi ya tembo. Tembo anakula majani na magome, tumbo lake linasaga, nyuzi zinabaki, wanazichemsha, wanazitandaza, zinakauka, unapata daftari. Kwenye mgahawa wao wahudumu wengi ni viziwi, hivyo unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Niliona wanaume waliozoea kupiga makofi na kuita "we dada!" wakiinama kwa adabu juu ya kikaratasi wakiandika neno chai, herufi baada ya herufi, kama watu wanaokula kiapo.

Lakini Iringa yangu hasa iko Kalenga, kilomita chache nje ya mji, kwenye makumbusho madogo ya Mtwa Mkwawa. Kila mtoto wa Iringa anajua habari ya fuvu. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili Wajerumani wasimpate hai. Kichwa chake kikakatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Horace Byatt, aliyekuwa akiitawala nchi hii kwa niaba ya Waingereza, alipendekeza lidaiwe, na ndivyo fuvu la mtawala wa Wahehe lilivyoingia katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Hadithi hiyo nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote. Kifungu chenyewe nilikisoma nikiwa mtu mzima, na macho yakafanya uhuni wao wa kawaida, yakaona kitabu.

Kwa sababu kifungu hicho hakianzi na fuvu. Kinaanza na Msahafu. Ujerumani inatakiwa, ndani ya miezi sita, imrudishie Mfalme wa Hejazi Kurani ya asili ya Khalifa Othman, iliyotolewa Madina na wakuu wa Kituruki na kusemekana kuwa alizawadiwa Kaisari Wilhelm wa Pili. Kisha, ndani ya muda huohuo, ikabidhi kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Basi. Kitabu na kichwa, katika kifungu kimoja, kati ya vifungu zaidi ya 400 vya madeni, mipaka, reli na meli.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Makarani wa Paris walitafuta mahali pa kuweka vitu viwili vilivyobaki mkononi baada ya kugawana dunia, wakaona vinafanana. Na vinafanana kweli. Msahafu wa Othman, kwa mtawala aliyeupokea, haukuwa wa kusomwa, kama vile fuvu la Mkwawa halikuwa na la kumwambia daktari wa Ujerumani zaidi ya vipimo vya mfupa. Vyote viwili vilichukuliwa kwa ajili ya kile vinachoshuhudia, kwamba fulani aliwahi kuwa na nguvu, na sasa nguvu hiyo iko kabatini kwangu. Kwa Waislamu wa Madina na kwa Wahehe wa Kalenga ushahidi ulisomeka kinyume, na ndiyo maana walivitaka. Miezi sita ya mkataba ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuata fuvu hadi kwenye jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga mbele ya Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Nilipomaliza kulitazama kwenye kioo chake, mtunzaji alinisogezea kitabu cha wageni nisaini. Nilisaini vizuri kuliko ninavyosaini benki.

Upande wetu wa Mbeya tuna kisa kidogo cha namna hiyo, ingawa hakina damu. Kati ya 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, waliishi Rungwe wakichunguza maisha ya Wanyakyusa, wakisaidiwa na karani wao Leonard Mwaisumo. Mwaka 1951 Monica alichapisha Good Company, kitabu juu ya vijiji vya rika, ule utaratibu wa vijana wa umri mmoja kujitenga na kujenga kijiji chao. Wanafunzi wa vyuo vya mbali wamejibu mitihani kwa habari za mababu zetu wa Tukuyu. Huku Tukuyu kwenyewe ni rahisi zaidi kukipata kijiji kuliko kukipata kitabu. Niliwahi kumweleza mzee mmoja yaliyomo. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza aliyeyasema hayo ni wa ukoo gani, kisha akasahihisha mambo mawili. Sikuwa na cha kuandikia.

Siku ambayo kitabu kilionekana na watu wengi zaidi katika nchi hii kwa mara moja huenda ilikuwa 19 Machi 2021. Rais Magufuli alikuwa amefariki, nchi ilikuwa imeshika pumzi, na Samia Suluhu Hassan akasimama kuapa akiwa ameinua Msahafu kwa mkono wa kulia. Nilikuwa kwenye mgahawa karibu na Kabwe. Wapishi walitoka jikoni. Wali ulibaki juu ya meza ukipoa. Watu walimtazama mama. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama kitabu, kwa jinsi kilivyokuwa kidogo na jinsi nchi yote ilivyoning'inia pale. Mwaka 2015 mtangulizi wake aliinua Biblia. Katika sherehe nzima ya dola, pamoja na mizinga na gwaride, kitu ambacho bila hicho shughuli haianzi ni kitabu, na hakuna anayekifungua.

Shuleni je, ambako kinafunguliwa? Huko nako ushahidi unakitangulia. Wazazi wa watoto wa darasani miaka ile watakumbuka vitabu vya chenji ya rada. Serikali ilikuwa imenunua rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa bei iliyozua kashfa. Kesi ikaishia kwa kampuni kukubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania, na mwaka 2012 fedha hizo zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Ni jambo la ajabu likitazamwa polepole. Mtoto wa darasa la tatu kijijini Chunya alikuwa anajifunza wingi na umoja kwenye kitabu ambacho ni risiti ya kashfa ya kimataifa. Vitabu vya serikali huwa na maneno ya kukataza kuuzwa, kwa herufi kubwa. Mimi nimeviona vikiuzwa, vimepangwa vizuri juu ya turubai kando ya barabara, maneno hayo yakitazama juu. Muuzaji hakuwa na wasiwasi wowote. Aliniambia maneno hayo yanasaidia, mteja anajua ni cha kweli.

Na wakubwa zaidi, wa kidato cha tano na sita, wanapewa riwaya. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999, imepita mikononi mwa maelfu yao. Swali la mtihani litawataka watumie riwaya mbili kuthibitisha dai fulani, yaani riwaya inaitwa kizimbani tena. Dhamira hoja, mhusika kielelezo, ukurasa ushahidi. Kijana mwenye akili ananunua uchambuzi uliochapwa na kubanwa kwenye duka la fotokopi, wenye fani na maudhui tayari, na riwaya yenyewe anaiacha. Simlaumu hata kidogo. Ukiambiwa unahitaji ushahidi, utabeba ushahidi, hutabeba maisha yote ya shahidi. Kisha mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya Vuta N'kuvute kuwa filamu, ikafika hadi tamasha la Toronto, na nilikutana na vijana walioifaulu riwaya kwa alama za juu wakishangaa kwamba Yasmini na Denge walikuwa wanapendana namna ile. Walikuwa wanajua kwamba ni ukombozi wa mwanamke. Mapenzi hayakuwemo kwenye uchambuzi.

Kwa hiyo siku hizi macho yangu yanatafuta kitu cha nadra zaidi: kitabu kisicho na kesi. Mtu anayesoma bila mtihani, bila deni, bila kiapo, bila ibada. Wapo. Kuna mpiga viatu rangi wa Soko Matola mwenye kitabu cha historia ya Mao ambacho hukisoma kila viatu vinapokauka. Kuna binti wa saluni anayesoma hadithi za mapenzi kwenye simu huku mkono mmoja ukisuka, na wateja wanamlalamikia mistari kwenda upogo. Na kuna mlinzi.

Analinda yadi ya magari, njia ya kwenda Mafiati. Nilimkuta usiku mmoja ameegemea nguzo ya taa, kichwa kimefunikwa kofia ya sufu, maana baridi ya Juni hapa haina utani, na mkononi ana kitabu kisicho na jalada mbele wala nyuma. Nilijua kabla ya kukigusa. Willy Gamba alikuwa kwenye mstari wa kwanza nilioutupia jicho, na Willy Gamba ni mpelelezi wa Elvis Musiba, yule aliyeanza kututoa jasho na Kufa na Kupona mwaka 1974. Ilikuwa ipi kati ya zile, hakuna aliyejua, kwa sababu kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwenda na za mwisho pia.

"Kaka, sasa mwisho wake unaujuaje?"

"Mwisho uko wa aina nyingi," alisema. "Sisi hapa tunalinda watatu kwa zamu, na kila mtu ana wake."

Akanieleza wa kwake. Ulikuwa mzuri, wenye ndege na mwanamke ambaye si adui. Mwenzake wa zamu ya jioni, aliyekuwa bado hajaondoka, aliingilia kati akasema hapana, yule mwanamke ni adui tangu mwanzo, ndiyo maana kwenye ukurasa wa 60 na kitu amekataa kunywa. Wakaanza kubishana. Nikajitia mjuzi, nikasema naweza kuwatafutia nakala kamili, na kwa kweli nilishaiona mojawapo ya riwaya za Musiba kwa muuza vitabu chakavu, ingawa bei yake ilikuwa ya mwenye nacho. Walinyamaza kidogo wakatazamana.

"Itakuwa na mwisho mmoja tu hiyo," alisema wa jioni.

"Mletee," alisema mwenye kitabu, "lakini mletee yeye. Mimi sitaki. Huyu ndiye anayebisha." Akalamba kidole, akafungua ukurasa wa 60 na kitu, akausogeza kwenye mwanga amwoneshe mwenzake kwamba mwanamke hakukataa kunywa, alisema atakunywa baadaye.

Wa jioni alisema ni yale yale.